Manyoya ya Yide Lu

Wiki mbili baada ya kumzika Baba, nilitapika dukani kwa watu. Lilikuwa duka la jumla la mapambo ya sherehe, Kariakoo, nami nilikwenda pale kikazi, maana mimi ni mkalimani. Wachina na Waswahili wakitaka kuuziana, mimi ndiye ninayekaa katikati. Mwenye duka alipasua boksi moja kwa funguo ili mteja wangu aone mali. Ndani mlikuwa na manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi nyekundu na ya chungwa, yamebanwa kwenye nailoni. Harufu ikapanda. Nilimgeukia mteja wangu nimwambie bei, na badala ya bei yakatoka maandazi ya asubuhi.

"Pole dada, mimba ya kwanza hiyo?" akauliza mwenye duka, na vijana wake wakacheka. Nami nikacheka nao, najifuta kwa mtandio. Sikuwa na mimba yoyote. Kilichonipanda ni kitu cha zamani nilichokikalia tangu utoto, na kitu ukikikalia muda mrefu namna ile kinaoza.

Baba alikuwa bwana shamba wa mpunga, Unguja. Serikali yetu na serikali ya China zilikuwa na mpango wao wa kubadilishana wasomi na utamaduni. Wao wakituletea wacheza sarakasi, sisi tukiwapelekea watu wa kusoma, na Baba akapata nafasi ya kwenda kusomea mbegu katika chuo kimoja cha Guangzhou. Alitangulia peke yake. Mimi na Mama tulimfuata baadaye, nikiwa na miaka minane, tukapewa chumba kimoja chenye jiko la gesi katika jengo la wageni.

Shule niliichukia siku ya kwanza. Mtoto mmoja alilowesha kidole kwa mate yake, akanisugua mkono aone kama rangi inatoka. Wenzake nao wakapanga foleni. Niliporudi nyumbani nilijisugua mate ya watu kwa dodoki hadi ngozi ikawaka, nikaapa kwamba sirudi tena. Baba hakunigombeza. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Sasa mie nitafanyaje, mwanangu? Mie hapa bubu. Usipojifunza wewe, nani atanisemea?"

Basi nikarudi, kwa sababu baba yangu alikuwa bubu. Lugha humshika mtoto kama mafua, na haukupita mwaka nilikuwa nabishana na wauza mboga. Baba alinichukua kila mahali, benki, posta, sokoni. Yeye husema Kiswahili, mimi nageuza. Mara mojamoja alijaribu neno la Kichina, watu wakacheka, naye akacheka, akaniangalia mimi nimwokoe. Sikuwahi kujiuliza anasomaje darasani. Nilidhani mpunga unapimwa kwa rula tu, hauhitaji maneno.

Katika kazi yangu ile nilijifunza jambo moja ambalo sikulisoma shuleni. Kwetu mtu akikaribishwa chakula huweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, "Ahsante, nimeshiba," na mwenye nyumba humpakulia hivyo hivyo. Kurukia sahani ni ulafi. Na Guangzhou nako kumbe mambo ni yale yale. Jirani yetu alipotuletea machungwa, walisukumana na Mama ukumbini, chukua, sichukui, chukua, hadi mara ya tatu ndipo mfuko ukapokewa. Kwa hiyo jirani alipoleta tena machungwa na Baba akasema, "Mwambie ahsante, asijisumbue," mimi nilisema "ahsante" na kunyoosha mkono. Baba akanipapasa kichwa. "Umefanya vyema," akasema, "ungemtia aibu." Tangu siku hiyo nikajua kwamba hapana ya kwanza haifasiriwi.

Mama naye alipata shughuli yake. Alikwenda Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla, akanunua kalamu, rula na midoli, akajaza maboksi kwa ajili ya duka la dada yake Darajani. Neno lake la Kichina lilikuwa moja, *tai gui*, ghali mno, na alilitumia hata akipewa kitu bure. Wakati mwingine wote alishona kofia. Na kila Ijumaa alipiga pasi kanzu ya Baba, akaifukiza udi juu ya kijiko cha makaa, kisha akaita kwa sauti ya madaha, "Sheikh wangu, kanzu tayari!" Baba hujibu "Labeka!" kutoka bafuni, na wote wawili wakacheka. Nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo.

Kilichokuwa kinawakosesha raha kilikuwa barua. Ufadhili wa Baba ulikuwa unaisha kiangazi, na majaribio yake ya mbegu yalihitaji msimu mmoja zaidi. Bila msimu huo angerudi mikono mitupu, miaka yote imekwenda na maji. Maombi yake ya kuongezewa muda yalikuwa juu ya meza ya Mwalimu Huang, mama aliyesimamia wanafunzi wa kigeni.

Mwalimu Huang alikuwa mnene, mchangamfu, na droo yake ilijaa peremende nyekundu bapa, kali kama ukwaju, alizonipa kila nikifika. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichefua zaidi hadi leo, maana mtu mbaya ungemchukia ukalala. Siku moja alituita akasema wageni wakubwa wanakuja, wa serikali zote mbili, na kutakuwa na Sherehe ya Urafiki Jumamosi mchana. Baba aje na vazi la kwao.

Baba alifurahi. Kesho yake alikwenda na kanzu iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na kofia mpya ambayo Mama alikaa nayo miezi mitano akiitoboa kitundu kimoja kimoja. Mwalimu Huang aliishika ncha ya kanzu kwa vidole viwili.

"Nzuri," akaniambia. "Lakini hii ni ya Waarabu. Watazamaji watachanganyikiwa. Mwambie baba yako tunataka Afrika."

Nikamwambia Baba.

"Mwambie hii ndiyo Afrika ya kwetu."

Nikamwambia. Akacheka kwa upole, akatoa kalenda yenye picha ya mtu kifua wazi, manyoya kichwani, mkuki mkononi, anaruka. Akaeleza mchezo wenyewe. Baba ataruka na kutisha watu, kisha mtoto wa Kichina atatokea na kikombe cha chai, naye Baba atapiga magoti, atakunywa, atatulia. Huo ndio urafiki. "Na mtoto huyo," akasema huku ananiminya shavu, "ni wewe." Akafungua kabati. Ndani palining'inia gauni la hariri jekundu, kola ya kusimama, vifungo vya kamba.

Nilimfasiria Baba yote, haraka haraka, jicho langu kabatini.

Baba akaweka mkono kifuani. Akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo. "Mwambie ahsante sana, nashukuru kwa kunifikiria. Lakini anisamehe."

Mkono kifuani, tabasamu, ahsante. Nilikuwa nimeyaona hayo mara ngapi? Hii ilikuwa hapana ya machungwa. Na gauni lilikuwa pale, linang'aa, nami sitasema halikuwa na neno katika jambo hili.

"Baba anasema sawa," nikamwambia Mwalimu Huang. "Anashukuru kwa kumfikiria."

Baba akageuka akaniangalia. Mdomo wake ulifunguka kidogo, kisha akaufumba. Mwalimu Huang alikwisha simama, anatupigia makofi, ameshika simu anamwambia mkubwa wake kwamba mchezaji amepatikana. Mimi nilidhani Baba ananisifu kwa macho. Akamgeukia Mwalimu Huang, akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani niliingia nakimbia kumweleza Mama habari za gauni. Sikumweleza manyoya, kwa sababu njiani Baba alisema manyoya tuyaache kwanza, na mimi nikadhani anamwandalia Mama jambo la kufurahisha. Mama akauliza, "Mbona kanzu imerudi? Hutaivaa Jumamosi?"

"Wana nguo zao," Baba akasema. "Nitacheza mchezo kidogo."

"Mchezo? Wewe? Na umekubali?"

Baba aliniangalia tena, nilivyokuwa naruka juu ya kitanda. "Nimekubali," akasema. "Barua iko mezani kwao."

Siku mbili baadaye Mwalimu Huang alitupeleka mimi na Baba Yide Lu. Ukiingia barabara ile unakutana kwanza na harufu ya ngisi mkavu na kamba mkavu, vilima kwa vilima, na nzi wake. Nyuma ya maduka hayo ndiyo yalikuwa maduka ya mapambo. Muuzaji alivuta gunia la manyoya, akalikung'uta sakafuni. Vishina vingine vilikuwa bado na ngozi ya kuku imekaukia, na vyote vilinuka rangi na dawa ya wadudu. Baba, mtu aliyekuwa haondoki nyumbani bila kupaka mafuta ya uturi nyuma ya masikio, aliinamisha kichwa ili msichana wa duka amjaribishe taji. Watu walijaa mlangoni. Mmoja alipiga ukelele wa "hu! hu!", wenzake wakaitikia, Mwalimu Huang akacheka hadi akashika tumbo. Nilicheka nao. Nilisimama katika harufu ile nikacheka kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa baba yangu alikuwa anapendwa.

Jumamosi ilifika. Nyuma ya jukwaa Baba alisimama amefungwa kitambaa cha madoa ya chui kiunoni, shanga za meno ya plastiki shingoni, na miguu yake myembamba ambayo sikuwahi kuiona juu ya magoti. Mwalimu Huang alimtazama, akaona kuna kitu kimepungua. Hang'ai, akasema. Akamtuma mtu jikoni, akarudi na bakuli la mafuta ya karanga. Yalikuwa ya jana, yamekaangiwa, na chini yake yalituama makombo meusi.

"Mpake baba yako," akaniambia, "uwe msaidizi wangu."

Baba alinusa bakuli. "Muulize yametoka jiko gani."

Nikauliza. Lilikuwa jiko la wote, si lile la Waislamu. Nikamwambia Baba. Alifumba macho, midomo ikacheza. Nilidhani anakariri mchezo. Nikatia viganja vyote viwili bakulini, nikampaka mabega, mgongo, kifua, tumbo. Yalikuwa vuguvugu, yananuka vitunguu saumu na nyama ambayo sisi hatuli. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Viganja hivi ndivyo ninavyoandikia.

Mama aliketi safu ya pili, katika buibui lake jipya, karibu na wageni wa heshima. Kanda ya ngoma ikalia. Baba akatokea, akaruka, akapiga mkuki wa plastiki sakafuni, akafanya "hu! hu!" kama alivyofundishwa. Alikuwa mchezaji mbaya, asiye na ukali wowote, na kila alipokosea watu walizidi kucheka. Jasho na mafuta viliyeyusha rangi ya manyoya. Michirizi myekundu ikamshuka shingoni hadi mgongoni. Nikaingia na gauni langu na kikombe changu. Akapiga magoti mbele yangu. Alipopokea chai mimi nikamtabasamia, nikageukia watu nikainama kama nilivyofundishwa.

Aliyepiga makofi zaidi hakuwa Mchina. Alikuwa mheshimiwa mmoja kutoka kwetu, suti ya kijivu, kitambi. Alimfuata Baba pale jukwaani akamshika mkono, kisha akautoa haraka na kujifuta kwa leso. "Safi sana, bwana," akasema. "Umetuwakilisha." Nina umri mkubwa sasa, na nimekaa katikati ya mazungumzo ya waheshimiwa wengi, na bado nikisikia neno hilo koo langu hujaa mate.

Nilimtafuta Mama kwenye safu ya pili. Kiti kilikuwa kitupu.

Tulimkuta nyumbani. Baba alipita moja kwa moja bafuni, na maji yakamwagika muda mrefu. Yalifunguliwa, yakafungwa, yakafunguliwa tena. Katikati alitoka na taulo, akachukua chungu cha ua la Mama dirishani, akaingia nacho. Baadaye nilichungulia nikaona udongo sakafuni na ua limelazwa pembeni, mizizi nje. Nilidhani Baba amelikasirikia ua. Nilikuwa msichana mkubwa madrasa nilipofundishwa kwamba najisi ile huoshwa mara saba, moja kwa udongo, nikaomba ruhusa ya kutoka nje.

Alipomaliza, Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"N'nakuuliza jambo moja tu," akasema. "Ulijua watakuvika vile?"

"Nilijua."

"Na ukanificha. Ukavua nguo, ukanukishwa najisi, ukapiga magoti mbele ya mwanao mwenyewe. Kwa karatasi?"

Baba alikuwa anakausha masikio. Mimi nilikuwa kitandani, bado na gauni jekundu, peremende kinywani. Angeweza kunyoosha kidole tu. "Karatasi ile ndiyo maisha yetu," akasema.

"Ya kwako," Mama akamjibu. "Mie unanikinaisha."

Karatasi ilitoka. Kwa kuruka kwake au kwa haki yake, sijui, hakuna aliyetwambia. Baba alimaliza mpunga wake, akarudi daktari wa mbegu, na mtaani wakamwita Dokta. Picha yake akiwa amepiga magoti ilibandikwa kwenye ukumbi wa chuo, nami nilipita chini yake kila siku hadi tulipoondoka. Mwanzoni niliwaonyesha wenzangu. Kisha nikaanza kuzunguka kwa mlango wa nyuma, bila kujua kwa nini.

Mama hakumwacha. Alimpikia, alimuuguza, alimzalia wadogo zangu wawili. Lakini "Sheikh wangu" sikuisikia tena. Ijumaa Baba alijipigia pasi mwenyewe, kola ikabaki na makunyanzi. Na mtu aliyekuwa akiitwa kwa madaha hadi bafuni, sasa aliitwa kupitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie baba yako kuna mgeni. Nilikuwa mkalimani wa nyumba ambayo wote wanazungumza lugha moja.

Nilipopata akili nilijua nilichofanya pale ofisini. Nikajipa udhuru mmoja, nao ukanilea: Baba hakusikia. Bubu hakujua bintiye amesema nini, aliona tu mambo yameshapita. Udhuru huo ndio uliokuwa tumboni mwangu na maandazi siku ile ya Kariakoo.

Maana siku tatu kabla yake nilikuwa nimefungua sanduku la Baba, nililotoka nalo Unguja baada ya maziko. Mlikuwa na madaftari yake ya mwanzo kabisa, ya wakati ule alipokuwa Guangzhou peke yake kabla yetu. Alikuwa amesoma Kichina mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa mbegu, kama walivyofanya wote wa mpango ule. Kurasa kwa kurasa, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kulikuwa na somo zima la kukataa mwaliko: samahani siwezi, naomba unisamehe, siku nyingine. Ameandika kila sentensi mara kumi. Chini yake ilikuwa tasnifu yake nzima, kwa Kichina. Bubu wangu hakuwa bubu siku hata moja. Alijifanya bubu ili mimi nipate sababu ya kurudi shule, na pale ofisini alisikia kila neno. Angesema sentensi moja tu, angeniacha mimi muongo mbele ya Mwalimu Huang. Hakuisema pale, na hakumwambia Mama.

Jumamosi iliyopita nilivuka kwenda Unguja. Mama yuko edani, hatoki, amevaa nyeupe. Alikuwa anagawa nguo za Baba za sadaka, mafungu mafungu, na ile kanzu ya zamani ilikuwa juu ya fungu la kutolewa, imekunjwa na makunyanzi yake. Nikakaa chini nikamwambia yote, tangu machungwa hadi madaftari. Sikulia. Nilijiona mchafu mno kulia.

Aliiweka chini nguo aliyokuwa ameishika.

"Na yeye alisikia?" akauliza.

"Alisikia, Mama."

"Na mie nikamwambia ananikinaisha."

Hakunitazama tena. Alinyanyuka taratibu, akaitoa kanzu kwenye fungu, akachomeka pasi. Akaitandika mezani, akaanza na kola. Akapiga mikono, akapiga mbele, akaigeuza, akarudi tena kwenye kola hadi ikasimama. Kisha akaishika kwa mabega, akaiinua juu, na maneno yakamtoka kwa mazoea ya miaka yote.

"Mwambie baba yako," akasema, "kanzu tayari."